Kihisi cha majani na mbolea ya kukuzia mahindi: mwongozo kwa anayeanza, Mombasa

Masika yakikaribia, maswali yanayonifikia kutoka Mwakirunge, Mtongwe na Nguu Tatu ni yale yale. Kifaa kikisoma 0.60, hiyo ni nzuri au mbaya? Mbona kwa jirani kilisoma 0.70 na tulipanda siku moja? Na lile lenye pesa ndani yake: basi nitie mifuko mingapi?

Jibu la yote matatu ni moja. Namba ya kihisi ikiwa peke yake haikwambii kitu. Inaanza kusema pale unapoiweka kando ya namba nyingine iliyotoka shamba hilo hilo, mbegu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Hiyo namba ya pili hainunuliwi pamoja na kifaa. Unaipanda mwenyewe mapema, kwa kutenga kipande kidogo cha shamba na kukitilia mbolea kwa viwango tofauti. Ukija wiki ya tano na kifaa mkononi bila kipande hicho, umechelewa, na msimu huo utatia kwa kukisia kama zamani.

Nasisitiza hili kwa sababu michanga yetu haishiki naitrojeni. Mvua kubwa ikipiga siku mbili, sehemu ya mbolea uliyotia inashuka chini ya mizizi, na huku bara ya Kisauni na Likoni maji ya chini ndiyo yanayojaza visima tunavyochota. Anayetia kidogo anavuna vigunzi. Anayetia kupita kiasi anapoteza pesa na kuharibu maji ya watu.

Kifaa kinafanya nini

Kihisi cha mkononi kinachojulikana zaidi ni GreenSeeker, kilichotolewa na kampuni ya Trimble. Kinamulika mwanga wa aina mbili, mwekundu na infraredi isiyoonekana kwa macho, halafu kinapima kiasi kinachorudi. Jani la kijani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kuirudisha infraredi. Kifaa kinageuza tofauti hiyo kuwa namba moja iitwayo NDVI, kati ya 0.00 na 0.99. Udongo mtupu husoma chini, mahindi yaliyofunga shamba husoma juu. Nadharia ya kukutosha ni hiyo.

Njia ninayoieleza hapa, ya kutengeneza ngazi ya mbolea shambani, ilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani. Wakulima wa ngano na kanola, zao la mbegu za mafuta, huitumia katika mashamba makubwa. Kanola haitufai sisi wa Pwani, ni zao la baridi; hapa Kenya utaikuta nyanda za juu kama Timau ikipokezana na ngano. Lakini hesabu ya naitrojeni haibadiliki, na mahindi yanaikubali vizuri.

Uwe na hivi kabla ya kupanda

- Kihisi. Bei yake si ya mkulima mmoja mwenye robo ekari. Kikundi kinunue kimoja, au mwombe afisa wa kilimo wa wadi akuulizie panapoweza kuazimwa.
- Mbegu ya aina moja kwa shamba zima. Kwa ukanda wetu PH1 na PH4, yaani Pwani Hybrid, zilitengenezwa kwa ajili ya joto la Pwani. Usichanganye mbegu ya duka na ya ghalani katika kipande cha majaribio.
- Mbolea ya kupandia uliyoizoea, DAP au NPK, na kilo moja na nusu ya CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kwa ajili ya ngazi.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mkono na kijiko vitakudanganya.
- Vigingi 14, kamba, na futi ya kupimia.
- Uzi wa sentimita 80 wenye nati au jiwe dogo mwishoni.
- Daftari. Simu huishiwa na chaji.

Hatua

1. Chagua mahali pa ngazi. Unahitaji kipande cha mita 30 kwa 3, mahali panapofanana na sehemu kubwa ya shamba lako. Epuka kivuli cha mnazi, mwembe au mkorosho, maana mizizi yake inagombania chakula hicho hicho. Epuka pia palipokuwa zizi la mbuzi au jaa la majivu, na bonde ambako maji husimama. Watu wengi huweka ngazi pale mahindi yanapopendeza zaidi, ili wageni waone. Ngazi ya namna hiyo inapima sehemu ambayo hukuwa na shida nayo.

Majirani wenye udongo mmoja, mbegu moja na tarehe moja ya kupanda wanaweza kutumia ngazi moja. Wakitofautiana katika lolote kati ya hayo, kila mtu awe na yake.

2. Panda kama unavyopanda shamba zima. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kwa shimo. Mbolea ya kupandia iwe ile ile na kiasi kile kile, ndani na nje ya ngazi. Ndani ya ngazi usipande kunde. Najua kunde na mahindi hapa ni ndugu, ila kihisi hakijui jani la kunde na la mahindi; kinahesabu kijani chote kilicho chini yake. Kama shamba lote lina kunde, acha vipande vichache vya mahindi matupu, utavihitaji hatua ya saba.

3. Gawanya ngazi vidato sita. Kila kidato kina urefu wa mita 5 na upana wa mistari minne, yaani mita 15 za mraba. Piga vigingi kwenye pembe zote na uandike kila kidato kwa rangi isiyofutika. Vipimo vya CAN, kwa jumla ya msimu, ni hivi:

- Kidato 1: hakuna
- Kidato 2: gramu 95, sawa na nusu mfuko kwa ekari
- Kidato 3: gramu 185, sawa na mfuko mmoja
- Kidato 4: gramu 280, sawa na mfuko mmoja na nusu
- Kidato 5: gramu 370, sawa na mifuko miwili
- Kidato 6: gramu 555, sawa na mifuko mitatu

Mfuko hapa ni wa kilo 50, na CAN ni ile yenye naitrojeni asilimia 26. Soma lebo. Ukiwa na mbolea yenye asilimia nyingine, vipimo hivi havikufai mpaka uvipige hesabu upya.

4. Tia kwa awamu mbili. Nusu ya kila kipimo itiwe mahindi yakiwa na siku 7 hadi 10 tangu kuota, nusu nyingine siku kumi baadaye. Pima kila fungu nyumbani, ulifunge kwenye karatasi lenye namba ya kidato, ndipo uende shambani. Chora mfereji mdogo kando ya mstari, vidole vinne kutoka kwenye shina, nyunyiza sawasawa, kisha fukia. Udongo uwe na unyevu. Shamba lililobaki lisiguswe na mbolea ya kukuzia mpaka hatua ya nane. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia: wanaona kidato cha sita kinang'aa, roho inawasumbua, wanakimbilia kutia shamba zima. Subiri.

5. Palilia, kisha hesabu majani. Siku mbili tatu kabla ya kupima, ng'oa magugu yote kwenye ngazi na sehemu utakazopima. Wakati wa kupima ni mmea unapokuwa na majani 7 au 8 yaliyokomaa. Jani lililokomaa ni lile ambalo pale linapokutana na shina kumejitokeza ukanda mwembamba wa rangi nyepesi. Yale yaliyojikunja katikati usiyahesabu. Kwa joto letu hufika hapo kwenye wiki ya nne au ya tano baada ya kuota, ila fuata majani, usifuate kalenda.

Ukipima mapema mno, kihisi kinaona udongo kuliko mmea. Ukichelewa mpaka mahindi yamefunga mistari, namba zinasongamana kuanzia 0.80 kwenda juu na vidato havitofautiani tena, hata kama kimoja kina njaa. Mbelewele ikishatoka ndiyo basi kabisa, kwa sababu kifaa kinasoma ua badala ya jani. Wenzetu wa kanola wana shida hiyo hiyo: shamba likishageuka manjano kwa maua, kihisi hakiwafai tena.

6. Pima ngazi. Nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kifaa kina mwanga wake chenyewe, kwa hivyo jua na mawingu si tatizo. Tatizo ni umande wa alfajiri, ambao unabadilisha mwanga unaorudi, na joto la adhuhuri, ambapo mahindi hukunja majani na kifaa kinaona nusu ya jani.

Funga ule uzi kwenye kifaa. Nati iguse majani ya juu, nawe unajua uko sentimita 80. Kifaa hufanya kazi kati ya sentimita 60 na 120 juu ya majani, ila chagua kimo kimoja ubaki nacho siku nzima, kwa sababu ukipandisha mkono eneo kinaloona linapanuka na udongo unaingia. Kielekeze chini wima, juu ya mstari wa mahindi, kamwe si katikati ya mistari. Bonyeza kitufe, tembea polepole, achia. Kitakupa wastani wa pale ulipopita.

Katika kila kidato pima mistari miwili ya ndani tu, na uruke mita moja kila mwisho, maana mimea ya ukingoni huiba mbolea ya kidato jirani. Pita kila mstari mara tatu, uandike namba zote sita, utafute wastani. Namba moja ikiachana sana na wenzake, angalia chini kabla ya kuifuta. Mara nyingi utakuta mashimo yasiyoota.

7. Pima shamba lako. Siku hiyo hiyo, saa hizo hizo, kimo kile kile. Usitafute wastani wa shamba zima. Ligawe kwa unavyolijua: kule mbuzi walikolala, kule mchanga mweupe, kule kwenye udongo mweusi. Pima kila sehemu mahali patano au sita na uandike wastani wake. Penye kunde, pima vile vipande vya mahindi matupu pekee.

8. Tafuta kidato ambapo namba ziliacha kuongezeka. Chukua wastani wa juu kabisa kwenye ngazi, uzidishe kwa 0.95. Kidato cha chini zaidi kilichofikia namba hiyo ndicho kipimo chako.

Tuseme ngazi imesoma hivi, kuanzia kidato cha kwanza: 0.48, 0.55, 0.61, 0.64, 0.65, 0.65. Ya juu ni 0.65, na 0.65 mara 0.95 ni karibu 0.62. Kidato cha tatu, 0.61, hakikufika. Cha nne, 0.64, kimefika. Shamba linalosoma kama kidato cha kwanza, yaani karibu na 0.48, linahitaji mfuko mmoja na nusu wa CAN kwa ekari. Robo ekari ni kilo 19. Kufikisha mifuko miwili au mitatu kungeongeza gharama tu.

Sasa ile sehemu ya mbuzi. Tuseme imesoma 0.55, sawa na kidato cha pili. Ina maana udongo wenyewe umeshaipa mimea kiasi kinachofanana na nusu mfuko. Toa nusu kwenye moja na nusu, umebaki na mfuko mmoja. Sehemu ikisoma 0.62 au zaidi, usiitie chochote kwa sasa, hata kama mkono unawasha. Faida ya kifaa iko hapa: shamba moja, viwango vitatu, na kila kimoja kina sababu yake.

Kutia shambani

Mfuko mmoja na nusu kwa ekari, kwa nafasi ya 75 kwa 30, ni takriban gramu 4 kwa mmea. Jaza kifuniko cha soda CAN, kipime kwenye mizani, ndipo ujue kinatosha mimea mingapi. Tia kando ya mstari na ufukie kama kwenye ngazi. Usidondoshee punje katikati ya mmea, pale majani machanga yanapojikunja. Zinakaa pale na kuunguza jani changa.

Ikiwa ni masika, gawa kipimo mara mbili, nusu sasa na nusu siku kumi baadaye, kabla mbelewele haijatoka. Mei ndio mwezi wetu wenye mvua nyingi zaidi, na mchanga hauwezi kushika kipimo chote kwa mkupuo. Ukiona wingu limejaa kutoka baharini, ahirisha.

Mwenye yurea badala ya CAN apunguze kilo, kwa sababu yurea ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 50 za CAN ni sawa na kilo 28 za yurea. Na yurea ifukiwe papo hapo: ikiachwa juu ya udongo wenye joto na unyevu, inageuka hewa na kupotea. Kwa sababu hiyo anayeanza namshauri abaki na CAN.

Mambo yakienda kombo

*Vidato vyote vimesoma karibu sawa.* Kuna sababu mbili zinazopingana, na usipozitenganisha utaumia. Kama namba zote ziko juu na mahindi ni ya kijani kibichi, udongo una naitrojeni ya kutosha, labda kutokana na samadi ya kuku ya msimu uliopita. Weka mbolea yako ghalani. Kama zote ziko chini na mimea imedumaa, kinachokosekana si naitrojeni. Chimba uone mizizi. Maji yaliyosimama, ukame na upungufu wa fosforasi vyote hufanya hivyo, na CAN haitaviponya.

*Namba zinaendelea kupanda hadi kidato cha sita.* Ngazi haikufika juu vya kutosha, au mvua iliosha sehemu ya mbolea. Usikurupuke kwenye mifuko mitatu. Tia mfuko mmoja na nusu sasa, rudi na kifaa baada ya wiki moja kama mahindi hayajafunga, ulinganishe tena.

*Kidato cha juu kinasoma chini ya cha katikati.* Angalia viwavijeshi vamizi kwanza. Majani yaliyotoboka na kinyesi kama unga wa mbao kwenye majani yaliyojikunja katikati yanaonyesha sababu. Kidato kilicholiwa kitoe kwenye hesabu. Pengine punje zilikaa karibu mno na mashina zikayaunguza, nacho utakijua kwa ncha za majani zilizokauka.

*Majani ni ya manjano lakini kidato chenye mbolea nyingi nacho ni cha manjano.* Tazama ni jani gani. Naitrojeni ikipungua, manjano huanzia majani makuukuu ya chini, kutoka nchani, na kuingia katikati kama herufi V. Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano, fikiria salfa. Yakiwa na mistari mipana myeupe pande zote mbili za mshipa wa kati, fikiria zinki. Chukua sampuli ya udongo uipeleke ipimwe. Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kilichoko Mtwapa hakiko mbali, kaulizie hapo.

*Kifaa kinarukaruka, mara 0.40 mara 0.62 mahali pamoja.* Safisha vioo vyake kwa kitambaa laini kikavu, maana chumvi ya hewa ya bahari na vumbi huganda pale. Chaji betri. Bado kikiruka, kipime juu ya ukoka wa aina moja. Kikitulia hapo, basi tatizo ni mkono wako au mimea isiyolingana, kifaa ni kizima.

*Hatuna kihisi kabisa.* Ngazi bado inafaa. Programu ya simu ya Canopeo, iliyotoka chuo kile kile cha Oklahoma, husoma picha na kukwambia ni asilimia ngapi ya picha ni kijani. Piga picha ukitazama chini wima kutoka kimo kimoja, vidato vyote sita kisha shamba, ulinganishe kwa utaratibu ule ule. Haigundui njaa mapema kama kihisi, kwa sababu inaona ukubwa wa majani kuliko afya yake, kwa hivyo iamini pale tofauti ni kubwa. Na kama simu nayo ni ile ndogo ya vitufe, simama mwisho wa ngazi asubuhi, tembea kutoka kidato cha kwanza, na uweke kigingi pale jicho linaposhindwa kuona tofauti na kidato kinachofuata.